Karatasi yasema mkandarasi, kazi yasema nini?

Kijana mmoja wa boda aliingia ofisini kwetu hapa Kisumu akichechemea, begi la kubebea chakula bado likiwa mgongoni. Alikuwa amegongwa na gari Kondele akipeleka oda Milimani. Siku ya tatu baada ya ajali, kampuni inayompa oda kupitia programu ya simu ikamfungia akaunti kwa kuwa hakuonekana kazini.

"Madam, nitalalamikia nini? Nilibonyeza 'nakubali' mwenyewe. Nimeandikwa mkandarasi huru, si mwajiriwa."

Maneno hayo nayasikia sana, na kila mara yananiuma, kwa sababu mtu huondoka akiamini kwamba kidole chake kimefuta haki zake. Sivyo. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi haiishii kwenye jina lililoandikwa juu ya mkataba. Huangalia kazi yenyewe inavyofanyika: nani anapanga bei? Nani anaamua uende wapi na ufike saa ngapi? Ukikataa oda, unaadhibiwa? Unaweza kumtuma ndugu yako akufanyie? Hasara na faida ni za nani?

Mkandarasi wa kweli yupo. Fundi anayepatana nawe bei ya kujenga ukuta, akaja na vifaa vyake na vijana wake, kesho akaenda kwa mwingine, huyo ni mkandarasi. Kijana wetu hakuwahi kumtajia mteja bei hata siku moja. Bei ilitoka kwenye programu, na akikataa oda alama zake zilishuka.

Sheria ya Ajira ya 2007 iliandikwa kabla ya kazi za programu kufika kwetu, kwa hiyo ushindi si wa moja kwa moja. Kila kesi hupimwa kwa ushahidi wake. Hata hivyo Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Huko Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ijapokuwa mkataba ulisema vingine. Uamuzi huo haulazimishi mahakama zetu, lakini wakili anaweza kuutumia kujenga hoja.

Ukitambuliwa kuwa mwajiriwa, mambo hubadilika: likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kusikilizwa kabla ya kufutwa, na fidia ya ajali chini ya WIBA, yaani sheria ya fidia kwa walioumia kazini. Dai la fidia hiyo lina muda wa miezi 12 tangu ajali, basi usingoje mguu upone kabisa ndipo uanze kuuliza. Andikia kampuni mapema, kisha umwone afisa wa leba.

Na ushahidi uweke nje ya programu. Akaunti ikifungwa, safari zote, ujumbe wote na makato yote yanabaki upande wao. Piga picha za skrini kila wiki, umtumie mtu unayemwamini.

Kijana wetu hakuwa na hata picha moja. Tulichopata ni taarifa yake ya M-Pesa. Tukaketi na kalamu nyekundu, tukazungushia malipo ya kampuni moja baada ya jingine: kila Jumatatu, miezi 14, bila kuruka hata wiki moja.