Shule ya Kata Haiko Mlangoni

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2015 katika sekondari ya kata moja huko wilayani Kilolo, Iringa. Nikilitaja hilo mbele ya watu wa mjini, hupewa pole. Pole ya nini hasa, hakuna aliyewahi kunifafanulia. Ila nikiwasikiliza vizuri naona wanaijua shule ya kata kwa kusikia tu, na walichosikia kimechanganyika na chumvi nyingi.

Jina lenyewe linadanganya. Ukiambiwa “shule ya kata” unadhani mtoto anavuka barabara yuko darasani. Kata ya kijijini ni vijiji vitatu, vinne au zaidi, na shule ni moja. Pa kuijenga palipatikana baada ya vikao vya kurushiana maneno: kijiji kilichoshinda kilipata shule, vingine vikapata njia ya kwenda huko. Kwetu ilikuwa saa moja na nusu kwa mguu, asubuhi, halafu saa moja na nusu nyingine ukirudi na njaa. Masika tulitembea viatu mkononi, soksi mfukoni. Miguu tuliiosha kwenye dimbwi chini ya mkaratusi karibu na geti, kwa sababu mwalimu wa zamu alikagua viatu kabla ya kitu kingine chochote. Jumatatu uliongeza dumu la maji la lita tano. Ukilisahau, unarudishwa kulifuata, na siku yako ya masomo imeishia hapo.

Umbali huo ndio uliozaa mageto. Watoto watatu mnapanga chumba kwa mzee jirani na shule, mnalala kitanda kimoja cha miti, mnapika kwa zamu. Ijumaa mnarudi nyumbani, Jumapili jioni mnaonekana njiani na unga, maharage na chupa ya mafuta ya taa. Kwa mvulana geto lilikuwa uhuru wa mapema, ugali mbichi na moshi machoni. Kwa msichana wa miaka kumi na minne, mlango usio na komeo na bodaboda anayejua ratiba yako ni habari nyingine kabisa. Watu wakisema wasichana wa shule za kata “hawapendi shule, wanapenda mimba”, mimi huuliza kwanza huyo binti alikuwa analala wapi. Mpaka mwishoni mwa 2021, aliyepata ujauzito alikuwa ameaga sekondari ya serikali moja kwa moja. Novemba mwaka huo ndipo serikali ilipofungua mlango wa kurudi baada ya kujifungua.

Halafu kuna wanaoziita “shule za Lowassa”. Sina ugomvi nao sana, maana Edward Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu, kuanzia mwisho wa 2005 hadi Februari 2008, alizisukuma kwelikweli. Wakuu wa wilaya walikuwa hawalali. Ila mpango wenyewe, MMES (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari), ulianza 2004, Rais Mkapa akiwa bado Ikulu. Sekondari za serikali zilikuwa 1,202 mwaka 2005. Kufikia 2010 zikawa 3,397. Wanafunzi wa sekondari zote, za serikali na binafsi, walitoka 524,000 na ushee wakavuka milioni 1.6. Sehemu kubwa ya kuta hizo haikuinuliwa na mkandarasi wala waziri. Wananchi walichimba msingi, wakasomba mawe na mchanga, wakafyatua na kuchoma tofali, wakapandisha boma hadi kwenye linta; ndipo serikali ikaleta bati. Mama yangu alibeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni nikiwa darasa la kwanza au la pili, na nakumbuka mgambo walivyopita nyumba kwa nyumba kudai mchango, asiyekuwa nao wakaondoka na kuku wake. Kwa hiyo mtu akiniambia shule ile ilikuwa zawadi, nawakumbuka wale kuku.

“Wanakwenda waliofeli.” Hapana. Aliyefeli darasa la saba hachaguliwi popote. Wenye alama za juu kabisa huchukuliwa Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Tabora na nyingine za vipaji maalumu, ambako nafasi ni chache mno. Waliobaki, wakiwa wamefaulu vilevile, wanapangiwa shule ya karibu na wanakoishi. Darasani kwetu alikuwepo kijana aliyekuwa akimaliza mtihani wa hesabu kabla msimamizi hajakaa.

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 ndiyo yaliyotupaka matope. Yalitangazwa Februari 2013, nimeanza kidato cha pili, na wakubwa zetu walijazana kwenye ubao wa matangazo kimya kama msibani. Watahiniwa 240,903 nchi nzima walipata daraja la sifuri, yaani walifeli. Mitaani wakasema hayo ndiyo matunda ya shule za kata. Ni kweli tuliumia kuliko wengine: hatukuwa na mwalimu wa fizikia mwaka mzima, na miaka ya mwanzo baadhi ya shule hizi zilifundishwa na vijana waliotoka kidato cha sita wakapigwa msasa wiki chache tu, wale walioitwa “vodafasta”. Ila msiba ule uligonga hodi hata kwenye shule kongwe na za kulipia, na Mei mwaka huohuo matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili miaka saba, halafu Januari akakabidhiwa baiolojia kwa Kiingereza, ukimwita mjinga utakuwa umemwonea.

Kuhusu “siku hizi ni bure”: ada ndiyo iliyoondoka, kuanzia Januari 2016. Kwa shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka (niliikosa nafuu hiyo kwa wiki chache, na baba hajaacha kunitania). Sare, madaftari, makande ya mchana na kodi ya geto vimebaki mezani kwa mzazi.

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na kijiji kikarudi tena kwenye mchanga na michango. Boma la kwetu lilikuwa bado halina bati nilipoondoka. Mchana tulijisomea kivulini mwake. Mwaka jana nilipita pale. Limeezekwa, bati la bluu, na ndani kuna meza ndefu na masinki meupe yenye koki. Nikafungua koki moja: kavu. Nje kando ya mlango yalikuwa yamepangwa madumu ya njano ya lita tano, kila moja limeandikwa jina la mwenyewe kwa makapeni.