Kusoma kwa ufasaha si kusoma mbio

Karibu kila anayezungumzia watoto na vitabu siku hizi ana neno "ufasaha" mdomoni, na karibu kila mmoja anamaanisha kasi. "Mwanangu anasoma kwa ufasaha, ukurasa haumalizi hata dakika!" Darasani nako mwalimu anashika saa, mtoto anatimua mbio, wenzake wanampigia makofi. Kilichosifiwa hapo ni mbio tu. Ufasaha unaweza kuwa haumo kabisa.

Maana yenyewe haina mlolongo: kusoma kwa ufasaha ni kusoma kwa usahihi, kwa mwendo usiokwamakwama, na kwa kiimbo kinachofuata maana ya maandishi. Yote matatu kwa pamoja. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la usomaji la Marekani liliuweka ufasaha miongoni mwa mambo matano ya msingi katika kufundisha kusoma, pamoja na ufahamu wa fonimu (yaani kuzitambua sauti moja moja zinazounda neno), kuhusisha herufi na sauti, msamiati na ufahamu wa habari. Hayo mengine manne siyagusi leo.

Kasi imelimeza neno hili kwa sababu inapimika. EGRA, tathmini ya usomaji kwa watoto wa madarasa ya mwanzo iliyoanza kutengenezwa mwaka 2006 na ikasambaa nchi nyingi, ina zoezi ambalo mtoto husoma kifungu kwa dakika moja na msimamizi akahesabu maneno aliyoyapata sawasawa. Zoezi hilo lina mantiki yake. Mtoto anayepapasa silabi moja moja anafika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Watafiti wa usomaji LaBerge na Samuels walilieleza jambo hili mwaka 1974: umakini wa mtu una kikomo, na unaotumika kung'amua herufi haubaki kwa ajili ya maana. Kwa hiyo mwendo unatuonyesha kwamba kichwa kimepata nafasi ya kuelewa. Lakini kipimo kile kile cha EGRA kina maswali ya ufahamu baada ya kifungu, na hayo wapenda saa huyasahau. Mtoto akishajua kwamba anahesabiwa maneno, atayamwaga maneno.

Halafu hayo maneno yanayohesabiwa ni yapi? "Hawatatuambia" ni neno moja lenye silabi saba. Kiingereza kinahitaji maneno matano kusema jambo hilo hilo. Anayechukua idadi ya maneno kwa dakika iliyopangwa kwa wasomaji wa Kiingereza na kuwapimia watoto wanaosoma Kiswahili anawaonea bure. Tena Kiswahili kina fadhila yake: irabu ni tano tu, na herufi karibu zote zina sauti isiyobadilika, ukiacha vitatizi vichache kama ng na ng'. Mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka karibu kila kitu, hata asichokielewa. Fadhila hiyo hiyo ndiyo inayotudanganya. Tunamsikia anatamka vizuri, anakwenda upesi, tunaona kazi imekwisha.

Kinachosahaulika zaidi ni kiimbo, na wengi hukichukulia kama pambo la mashindano ya ngonjera. Chukua neno "barabara". Katika "tulivuka barabara", mkazo uko kwenye silabi ya tatu. Katika "amejibu barabara", mkazo unarudi silabi ya pili. Herufi ni zile zile, wala hakuna alama yoyote ya kumwelekeza msomaji. Lazima awe ameelewa sentensi ndipo ajue alitamke vipi. Au mwandikie mtoto ubaoni: Juma alisema mwalimu amechelewa. Kisha weka mikato miwili: Juma, alisema mwalimu, amechelewa. Aliyechelewa amebadilika. Mwenye mbio atazisoma sentensi zote mbili sawasawa, tena bila kukosea neno hata moja, na saa itampa alama zote.

Ndiyo maana kiimbo hakifundishwi kwa kumwambia mtoto "soma kwa hisia". Mwalimu husoma kwanza, wanafunzi wakifuatilia kwa kidole na kusikia anaposhusha sauti na anapopumua. Kisha wanasoma pamoja, kisha wawiliwawili, kifungu kifupi kile kile mara kadhaa. Huko kurudiarudia alikoeleza Samuels mwaka 1979 kunafaa kwa sababu mara ya kwanza mtoto anapambana na maneno, na mara ya tatu anapata nafasi ya kusikiliza anachosoma. Hapa nako pana mtego: kurudia kukizidi, mtoto anakariri. Utamwona anasoma ukurasa huku kidole kimebaki mstari wa juu, au macho yako dirishani kabisa. Mwanzishie katikati ya mstari, au mwonyeshe neno moja peke yake, ujue kama anasoma au anaimba.

Basi mtoto anayemaliza ukurasa upesi, mwambieni anasoma upesi. Ni sifa pia, na huenda ni kweli. Neno ufasaha mliweke akiba mpaka mmsikie akisoma kifungu ambacho hajawahi kukiona, kisha awaeleze kinahusu nini. Na yule wa taratibu, anayetua palipo na mkato na kurudi mwenyewe kusahihisha neno aliloona halileti maana, asiandikiwe "hana ufasaha" kwenye ripoti kwa kuwa saa ilimwishia.