Kreatinini ya kawaida haimaanishi figo nzima

“Mbona kreatinini iko sawa? Tupe dawa tuondoke.” Anayeniambia hivyo kwenye dirisha la dawa mara nyingi ni kijana aliyemleta mama au bibi yake kliniki. Simlaumu sana, maana hata baadhi yetu wenye makoti meupe tunatafuta herufi H (yaani iko juu) pembeni ya namba, tusipoiona tunaandika dozi kamili.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kuchujwa na figo; tunaipima kwenye damu ili kukisia figo zinavyofanya kazi. Mwenye misuli kidogo anatengeneza kidogo, kwa hiyo hata figo zikichuja kwa taabu, namba haipandi kiasi cha kushtua. Na hata kwa mwenye mwili wa kawaida, figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla namba haijavuka mpaka.

Chukua watu wawili wenye kreatinini ileile, 1.1 mg/dl (97 kwa maabara zinazotumia mikromoli). Mmoja kijana wa kiume wa miaka 28, kilo 75. Mwingine bibi wa miaka 78, kilo 42. Fomula ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, ambayo dozi za dawa nyingi zimepangwa kwayo, inasema: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, kwa mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Jibu ndilo kadirio la uchujaji wa figo: kijana anapata mililita 106 kwa dakika. Bibi anapata 28. Majibu yao ya maabara yanafanana!

Bibi huyo ana kisukari, miguu inamwaka moto, kaandikiwa gabapentini, dawa ya maumivu ya neva, miligramu 300 mara tatu kwa siku. Mwenye uchujaji wa 15 hadi 29 anatakiwa apate miligramu 200 hadi 700 kwa siku nzima, kwa mkupuo mmoja. Yeye anameza 900. Anasinzia mchana kutwa, usiku anaanguka akienda msalani, na nyumbani wanasema ni uzee. Akiwa pia kwenye glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ndiyo balaa, kwa sababu mabaki ya dawa hiyo, ambayo bado yanashusha sukari, yanategemea figo kutoka mwilini. Alfajiri anakutwa ametota jasho, haeleweki anachosema, wanakimbilia kupima malaria.

Ndiyo maana nasumbua watu na mizani. Cheti cha mzee kisicho na uzito nakirudisha, foleni inung’unike itakavyo. Hata ile eGFR, yaani kadirio la uchujaji linalochapishwa na mashine ya maabara, imekadiriwa kwa mwili wa mita za mraba 1.73, na mtu wa kilo 42 inampa sifa asizostahili. Tena hesabu zote hizi hazifai figo zikiumia ghafla, kama kwa anayeharisha na kutapika tangu juzi: kreatinini huchelewa kupanda.

Halafu kuna wanaojipunguzia wenyewe: “Figo zimechoka, kata kila kidonge nusu.” Seftriaksoni na doksisaiklini (antibiotiki) na amlodipini (ya presha) kwa kawaida hazibadilishwi kabisa. Dozi ya kwanza ya antibiotiki kwa kawaida hutolewa kamili. Zinazofuata ndizo hupunguzwa, au huachanishwa kwa muda mrefu zaidi. Ukikata dawa ya presha kienyeji, presha yenyewe itazimaliza hizo figo.

Metformini, dawa ya kisukari, haiui figo kama inavyosingiziwa. Tunaipunguza eGFR ikishuka chini ya 45 na kuisimamisha chini ya 30, kwa kuwa hapo inarundikana na inaweza kujaza asidi ya laktiki kwenye damu.

Losartani, dawa ya presha, nayo inasingiziwa. Kreatinini ikipanda kidogo baada ya kuianza, hadi asilimia 30, mara nyingi tunaendelea nayo. Rudia kipimo pamoja na potasiamu ndani ya wiki 2 hadi 4, usiiache kwa kumsikiliza jirani.

Na sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, eti “haipiti tumboni, haina madhara.” Inaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayokwenda kwenye figo. Ukiichanganya na losartani na dawa ya kupunguza maji mwilini, unaweza kuziangusha figo ndani ya siku chache. Magoti yakiuma, anza na parasetamoli, na dozi yake pia mwenye kilo 42 aiulizie.