Nchi Inaposema, Nani Amesema?

Katika kikao cha wachuuzi pale Kondele, hapa Kisumu, mama mmoja muuza omena alisimama akauliza ada mpya ya soko imetoka katika sheria gani. Mwenyekiti wao, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alimjibu kwa maneno mawili: "Serikali imesema." Watu wakainamisha vichwa. Mama akakaa. Mimi nilikuwa nimealikwa na ofisi yetu ya elimu ya uraia kuzungumza juu ya hekima ya wahenga na uongozi bora, na methali zangu nilikuwa nimeziandika vizuri kwenye karatasi. Niliikunja ile karatasi.

Methali zina jambo moja ambalo sisi tunaozipenda hatulisemi sana. Wahenga waliotuachia "haba na haba hujaza kibaba" ndio haohao waliotuachia "penye udhia penyeza rupia". Waliosema "kuuliza si ujinga" walisema pia "mwenye nguvu mpishe" na "mnyonge hana haki". Karani anayekuzungusha wiki tatu kwa sababu ya cheti cha mtoto atakuambia kwa tabasamu kwamba mkono mtupu haulambwi, nawe utatikisa kichwa kana kwamba babu yako mwenyewe ndiye aliyenena. Lakini methali nyingi za namna hii zinasimulia tu dunia ilivyo. Mzee anayekuonyesha mahali penye shimo njiani hakutumi uingie ndani yake. Kwa hiyo ukisikia methali, uliza kwanza anayeisema anataka nini kwako saa hiyo.

Na hilo neno la mwenyekiti nalo lina historia yake huku kwetu. Kwa Kijaluo, piny ni ardhi, ni nchi, ni ulimwengu, na katika mazungumzo ya kawaida ni serikali pia. Piny owacho basi yaweza kuwa "serikali imesema", na yaweza kuwa "nchi imesema". Tarehe 23 Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, katika Siaya ya leo. Walioongoza walikuwa vijana waliosoma, walimu wa misheni wakiwa mstari wa mbele, na shule ya Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa na mkono mkubwa katika kuwapata watu wa aina hiyo. Chama kilichozaliwa hapo kiliitwa Young Kavirondo Association, na Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti wake. Kenya ilikuwa imegeuzwa koloni mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Walilalamikia kipande, yaani kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba, kodi ya nyumba na ya kichwa, kazi za kulazimishwa, na ardhi ambayo mwenyewe hakuwa na hati yake. Vuguvugu lao likajulikana kwa jina la Piny Owacho. Mwaka uliofuata gavana mwenyewe alikuja Nyanza kuwasikiliza.

Huwa naifikiria sana ile jeuri ya kuchagua jina. Wangeweza kubuni maneno mapya. Badala yake walichukua maneno yaleyale yanayoweza kumnyamazisha mtu barazani, wakayatamka wao. Sidhani pia kwamba ni kwa bahati tu kuwa walikuwa walimu. Mtu aliyezoea kusomewa amri na mkalimani huipokea jinsi mkalimani alivyoamka siku hiyo, lakini anayeisoma mwenyewe huona hata kile ambacho hakikuandikwa.

Miaka karibu 90 baadaye wazo lao liliingia kwenye Katiba ya 2010, kifungu cha kwanza kabisa: mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Wengi wanakijua hicho. Kinachosomwa kwa nadra ni Kifungu cha 73, mwanzoni mwa Sura ya Sita, kinachosema kwamba mamlaka aliyokabidhiwa ofisa wa Serikali ni dhamana ya umma, nayo humpa wajibu wa kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na maneno mafupi zaidi katika ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichowaongoza kupata uhuru: cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu cha mtu mwingine ulichowekewa. Jirani akikuachia mbuzi wake akaenda safari, unaweza kumlisha na kumfunga kamba. Kumchinja siku ya wageni wako ni jambo jingine.

Kifungu cha 76 kinaenda mpaka kwenye zawadi. Kiongozi akipewa zawadi katika hafla ya umma au ya kikazi, hiyo ni zawadi kwa Jamhuri, na inapaswa kukabidhiwa Serikali isipokuwa pale sheria ya Bunge inaporuhusu vinginevyo. Nikilisema hili vijijini watu hucheka, wakikumbuka makoti, fimbo na fahali waliowahi kuviona vikipandishwa kwenye magari. Mimi pia hucheka. Lakini tusiwalaumu viongozi peke yao. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huku magharibi ambako hatugemi mnazi, muulize yeyote anayejua busaa, pombe yetu ya nafaka, kama sifa hazijawahi kuiharibu. Sisi ndio tunaosifu. Kwa Wabukusu wa Bungoma, mzee akifa huitwa mnenaji wa kumuse, ambaye hutembea huku na huko mbele ya waombolezaji akieleza historia ya jamii na kuwaonya walio hai. Siku hizi kwenye mazishi mengi kipaza sauti kinapewa wanasiasa, na aliye hai huambiwa tu kwamba ni mheshimiwa.

Nirudi Kondele. Kikao kilipokwisha nilimfuata yule mama. Nilimwambia kwamba swali lake lilikuwa la kisheria hasa, maana Kifungu cha 210 kinakataza kodi au ada ya leseni kutozwa pasipo sheria, na ada za kaunti huwekwa katika sheria ya fedha ya kaunti. "Sasa mwalimu," akasema, "hiyo sheria mimi nitaitoa wapi? Nikienda ofisini watanifukuza."

Hapa ndipo pana kitu ambacho wananchi wengi hawakijui. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na sheria ya mwaka 2016 ikaeleza njia. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika husaidiwa na ofisa, ambaye anapaswa kupokea maneno yake na kuyaweka kwenye karatasi. Kuwasilisha ombi ni bure. Kinachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kunakili. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, au saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Habari zikiwa nyingi mno, ofisa anaweza kuongeza muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Na hutakiwi kujieleza unazitakia nini. Hili la mwisho mama alinifanya nilirudie mara mbili, kwa sababu maisha yake yote kaunta zimemuuliza, "Unataka za nini?"

Ukinyimwa, una siku 30 za kuomba uamuzi huo upitiwe na tume inayoshughulikia malalamishi ya umma, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ombudsman. Ushauri wangu mwingine ni wa kawaida tu: peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe, ubaki nayo. Bila muhuri hujui pa kuanzia kuhesabu.

Barua yake ilikuwa ya mistari mitano, kwa Kiswahili. Wiki ya pili aliitwa kuchukua kurasa sita, akalipia fotokopi. Nilipopita sokoni nilimkuta ameketi na mwenyekiti kwenye benchi, karatasi zikiwa juu ya gunia la omena, mwenyekiti akifuatisha mistari kwa kidole. Ada ilikuwemo. Kiwango kilikuwa kilekile walichotangaziwa.

Mama akailipa siku hiyohiyo. Kisha akaniomba karatasi nyingine, kwa sababu katika ukurasa wa nne alikuwa ameona kwamba soko linatozwa pia pesa za usafi wa choo, na choo hicho hajawahi kukiona.