Hidrojeni au betri? Dhana potofu kuhusu gari la kesho

Kuna ushauri unaozunguka sana mitandaoni siku hizi: usikimbilie gari la betri, subiri la hidrojeni, hilo ndilo la kesho. Wengi wanaoutoa wana nia njema na wanajali mazingira, na hapo ndipo unaponiuma. Anayeusikiliza haendi kununua gari la hidrojeni, maana karibu kote duniani hakuna pa kulijaza. Anabaki na lake la petroli miaka mingine mitano au kumi. Ushauri wenyewe umebebwa na dhana chache zinazosikika kila siku, na baadhi zina chembe ya ukweli ndani yake, ndiyo maana hazifi.

"Gari la hidrojeni si gari la umeme"

Ni la umeme. Magurudumu ya Toyota Mirai, gari la hidrojeni lililoingia sokoni Japani mwishoni mwa mwaka 2014, huzungushwa na mota ya umeme kama ya gari lolote la betri. Tofauti ni umeme unakotoka. Gari hubeba matangi ya hidrojeni iliyoshindiliwa kwa baa 700, yaani karibu mara 700 ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Gesi hiyo huingia kwenye seli ya fueli, hukutana na oksijeni ya hewani, na hapo hupatikana umeme, joto na maji. Lina betri yake ndogo pia, kwa sababu seli ya fueli haiwezi kupokea nishati inayorudi dereva anapokanyaga breki.

Kwa hiyo swali halisi ni umeme utaubeba kwa njia gani: ndani ya betri moja kwa moja, au kwa kuugeuza gesi kisha kuurudisha kuwa umeme ukiwa njiani.

"Hidrojeni imejaa kwenye maji, kwa hiyo ni nishati ya bure"

Hii ndiyo dhana mama. Kweli maji yana hidrojeni tele, lakini ni hidrojeni iliyokwisha kuungana na oksijeni. Nishati yake ilishatoka. Maji ni majivu ya hidrojeni, na majivu hayawaki mara ya pili. Ukitaka kuitenganisha tena unailipia nishati yote iliyotoka, na ziada juu yake, kwa kuwa hakuna mtambo usiopoteza kitu. Hidrojeni inayotokana na maji ni chombo cha kubebea nishati. Umeme wa kuitengeneza lazima utoke kwingine.

Kwa kutojua hili watu wamepoteza fedha zao. Mmarekani Stanley Meyer alijulikana kwa madai kwamba amelifanya gari litembee kwa maji matupu. Wawekezaji wawili walimshtaki, wataalamu wakakikagua kifaa chake, na walichokikuta ni utenganishaji wa kawaida wa maji kwa umeme, ule ule unaofundishwa shuleni. Mwaka 1996 mahakama ya jimbo la Ohio ikaamua kuwa ni ulaghai na kumwamuru awarudishie fedha zao. Karibu miaka thelathini imepita, na video za "gari la maji" bado zinapata watazamaji wapya.

Kuna hidrojeni moja isiyotokana na maji ya kutenganishwa wala gesi ya kuchakatwa: ile inayopatikana ardhini kwa asili. Katika kijiji cha Bourakébougou nchini Mali, kisima kilichochimbwa mwaka 1987 kutafuta maji kilitoa gesi, na baadaye ikabainika kuwa karibu yote ni hidrojeni. Imekwisha kutumika kuendesha jenereta na kuwasha taa za kijiji. Ni jambo la kufuatiliwa kwa matumaini, ila hadi sasa hakuna visima vya namna hiyo vinavyolisha magari ya nchi yoyote.

"Moshi wake ni maji, basi haichafui"

Ukisimama nyuma ya gari, ni kweli: linachotoa ni mvuke na matone. Lakini uchafuzi hupimwa tangu kiwandani. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Nishati, mwaka 2023 dunia ilitumia takribani tani milioni 97 za hidrojeni, na iliyozalishwa kwa njia safi haikufika hata asilimia 1. Karibu yote iliyobaki ilitoka kwenye gesi asilia, makaa ya mawe na mafuta. Kuzalisha kilo moja kutoka kwenye gesi asilia huachia angani takribani kilo 9 hadi 10 za hewa ya ukaa.

Hebu tuziweke namba hizo barabarani. Mirai ya toleo la pili hubeba kilo 5.6, na kwa vipimo vya Marekani huenda takribani kilomita 640. Ni kama kilo 0.9 kwa kilomita 100. Ikijazwa hidrojeni ya gesi asilia, kilomita hizo 100 zimekwishagharimu kilo 8 hadi 9 za hewa ya ukaa, kabla hata ya kuhesabu lori lililoisafirisha. Lita moja ya petroli hutoa takribani kilo 2.3. Maana yake gari hili lenye moshi wa maji linakaribiana na gari la haiburidi, yaani la petroli linalosaidiwa na betri, linalotumia lita 4 za petroli kwa mwendo huo huo. Teknolojia yote hiyo, na anga haijaona tofauti kubwa.

Mtu atauliza: na gari la betri linalochajiwa kwa umeme wa makaa ya mawe je? Swali ni la haki. Mwaka 2021 taasisi ya utafiti ya ICCT ilipiga hesabu ya maisha yote ya gari, tangu kutengenezwa kwa betri hadi kilomita ya mwisho. Ulaya, gari la betri lilionekana kupunguza uchafuzi kwa asilimia 66 hadi 69 likilinganishwa na la petroli la ukubwa huo. India, ambako makaa ya mawe yanatawala gridi, upungufu ulikuwa asilimia 19 hadi 34. Ni mdogo zaidi, lakini bado ni upungufu. Na kila mtambo wa jua au upepo unaoongezwa kwenye gridi hulisafisha gari lililokwisha kununuliwa, bila mwenye gari kufanya lolote.

"Tukizalisha hidrojeni kwa jua na upepo, mjadala umekwisha"

Hapana. Kutengeneza kilo moja ya hidrojeni kutoka kwenye maji huhitaji takribani uniti 50 hadi 55 za umeme, uniti moja ikiwa ni kilowati-saa. Ongeza uniti kadhaa za kuishindilia hadi kufaa tangi la gari na kuipoza wakati wa kujaza. Gari likitumia kilo 0.9 kwa kilomita 100, umekula karibu uniti 50. Gari la betri la ukubwa unaokaribiana huenda kilomita hizo kwa uniti 15 hadi 20, hasara ya kuchaji ikiwemo.

Mara tatu, basi. Paneli zile zile zinazotosha magari matatu ya betri zinatosha gari moja la hidrojeni. Sehemu kubwa ya hasara hii haitaondolewa na werevu wa wahandisi, kwa kuwa kila hatua ya kugeuza umeme kuwa gesi na gesi kuwa umeme hutoza ushuru wake. Umeme safi haututoshi. Kuutumia mara tatu kwa safari ile ile ni kuurefusha umri wa makaa ya mawe mahali pengine kwenye gridi.

"Dakika tano umejaza, wa betri anasubiri saa nzima"

Hapa chembe ya ukweli ni kubwa. Kujaza hidrojeni kweli huchukua dakika tatu hadi tano mambo yakienda vizuri, na hata chaja za kasi za betri mara nyingi huhitaji dakika ishirini na zaidi.

Lakini angalia kinachotokea kwenye pampu. Gesi inayosukumwa kwa haraka ndani ya tangi hupanda joto, hivyo kituo huipoza kwanza hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Mdomo wa pampu unapoa nao, unyevu wa hewani unaganda juu yake, na madereva wamejikuta pampu imenata kwenye gari wakisubiri barafu iachie. Magari yakifuatana, mgandamizo wa kituo hushuka na kompresa, mashine ya kushindilia gesi, huhitaji muda wa kuurudisha. Dakika tano za kwenye tangazo ni za gari la kwanza.

Halafu kuna kukipata kituo chenyewe. Kompresa hizo ni ghali na huharibika. Shell ilivifunga vituo vyake vya hidrojeni vya magari madogo Uingereza mwaka 2022, kisha California mwaka 2024, na wenye magari wakabaki wakihangaika. Gari la betri huchaji popote penye umeme, mara nyingi usiku mwenyewe amelala. Soko limekwishasema: mwaka 2024 yaliuzwa duniani magari ya umeme zaidi ya milioni 17, yale yanayochanganya betri na petroli yakihesabiwa humo. Magari ya hidrojeni yaliyokuwa barabarani duniani kote mwishoni mwa 2023 hayakufika laki moja.

"Hidrojeni ni bomu linalotembea"

Hapa naitetea hidrojeni. Watu huitaja Hindenburg, ndege ya puto ya Ujerumani iliyojazwa hidrojeni, iliyoungua Marekani Mei 1937. Ilikuwa ajali mbaya, lakini kati ya watu 97 waliokuwamo, 62 walinusurika. Gesi hii ni nyepesi mara 14 kuliko hewa. Ikivuja mahali pa wazi hupaa na kutawanyika, wakati petroli hutuama chini na kutandaa. Hatari yake ipo: huwaka kwa cheche ndogo mno, na mwali wake karibu hauonekani mchana. Mwaka 2019 kituo cha Sandvika, Norwei, kililipuka, na chanzo kilikuwa sehemu ya tangi iliyofungwa vibaya. Hilo ni kosa la ufungaji, na linazuilika. Moto wa betri nao ni mgumu kuuzima unapotokea, ingawa magari ya petroli ndiyo yanayoungua mara nyingi zaidi. Usalama si sababu ya kuikataa teknolojia yoyote kati ya hizi mbili.

Vivyo hivyo hoja ya kwamba betri hufa baada ya miaka michache na huhitaji kobalti. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, na betri za lithiamu zilizojengwa kwa chuma na fosfeti, ambazo zimeshika sehemu kubwa ya soko, hazina kobalti wala nikeli. Seli ya fueli nayo hutaka platini.

"Basi hidrojeni haina kazi"

Dhana hii ya upande wa pili inanikera sawa na ile ya kwanza. Mbolea ya nitrojeni ya viwandani hutengenezwa kwa amonia, na amonia hutaka hidrojeni; hakuna betri itakayoshika nafasi hiyo. Chuma nacho kinaweza kutolewa kwenye mawe yake kwa hidrojeni badala ya makaa, na mwaka 2021 kampuni ya SSAB ya Sweden ilitoa chuma cha kwanza cha namna hiyo. Meli za masafa marefu huenda zikahitaji mafuta yanayotokana nayo. Kwenye reli mambo hayako wazi hivyo: jimbo la Lower Saxony, Ujerumani, lilizindua treni 14 za hidrojeni mwaka 2022, kisha mwaka uliofuata mamlaka yake ya reli ikasema treni zijazo itakazonunua ni za betri.

Chukua uniti zile 55 za umeme safi, zinazotoa kilo moja ya hidrojeni. Ukiiweka kilo hiyo kwenye gari, unaokoa takribani kilo 15 za hewa ya ukaa ambazo gari la petroli lingetoa kwa mwendo huo. Ukiipeleka kiwanda cha chuma, ambako tani moja huhitaji karibu kilo 50 za hidrojeni, unaokoa zaidi ya kilo 30. Na uniti zile zile ukizitia moja kwa moja kwenye betri, gari linakwenda kilomita 300, na kinachookolewa kinakaribia kilo 40.