Maana ya "mafundisho yenye uzima" na jinsi mahubiri yanavyopimwa

Maneno "mafundisho yenye uzima" yamo katika nyaraka za Paulo kwa Timotheo na kwa Tito, na ndiyo yanayotajwa mara nyingi pale Wakristo wanapouliza kama mahubiri fulani ni ya kweli au yamepotoka. Kitenzi cha Kiyunani kilicho nyuma ya neno "uzima" hapa kina maana ya kuwa na afya. Luka anakitumia Yesu anaposema kwamba wenye afya hawana haja na tabibu, na tena, katika mfano wa mwana mpotevu, mtumishi anapoeleza kwa nini kuna karamu nyumbani: baba amempata mwanawe akiwa mzima. Upande wa pili, Paulo anapowataja Himenayo na Fileto, waliofundisha kwamba ufufuo umekwisha kupita, anasema neno lao litaenea kama donda-ndugu. Kwa hiyo msamiati wote huu ni wa mwili, ugonjwa na tiba.

Jambo hili lina matokeo ambayo wasikilizaji wengi hawayatambui. Kama uzima wa mafundisho ungekuwa ni usahihi wa sentensi moja moja tu, kupima mahubiri kungekuwa kazi nyepesi ya kuweka alama ya ndiyo au siyo mbele ya kila kauli. Lakini mwili hauitwi mzima kwa sababu kiungo kimoja hakina jeraha. Huitwa mzima viungo vyote vinapokuwapo, kila kimoja mahali pake na kwa ukubwa unaokifaa. Vivyo hivyo, mahubiri yanaweza kusemwa bila uongo hata mmoja na bado yakawa na maradhi, kwa sababu kilicho kidogo katika Maandiko kimefanywa kikubwa, au kilicho moyo wake kimeachwa nje.

Kabla ya kupima, ni lazima kutenga yale yasiyohusika. Ufasaha wa mhubiri, ukubwa wa sauti yake, wingi wa watu na machozi yao vinaweza kueleza kipaji au mazingira, lakini havisemi lolote juu ya ukweli wa fundisho. Hata ishara haitoshi. Kumbukumbu la Torati 13 linazungumzia nabii ambaye ishara aliyoitaja inatokea kweli, na bado watu wanaamriwa wasimsikilize ikiwa anawavuta waifuate miungu mingine. Hali ya kinyume nayo ni ya kweli: mahubiri yaliyopangwa vibaya na kutolewa kwa sauti ya kuchosha yanaweza kuwa mazima kabisa, na msikilizaji aliyesinzia hana haki ya kuyaita mapotofu.

Kipimo chenyewe ni nini, basi? Wakristo wote hutaja Maandiko, na mfano unaotolewa daima ni wa watu wa Beroya katika Matendo 17, waliolipokea neno kwa moyo mweupe na papo hapo wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Aliyekuwa akichunguzwa hapo ni Paulo mwenyewe, na Luka anawaita wachunguzi hao waungwana. Hata hivyo, kunukuu aya peke yake hakumalizi ubishi. Katika karne ya nne, Ario, kasisi wa Aleksandria, na wafuasi wake walijitetea kwa aya za Biblia, zikiwamo Mithali 8:22 na Yohana 14:28, walipofundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilazimika kutumia neno lisilomo katika Biblia, kwamba Mwana ana uungu mmoja na Baba, ili kulinda maana ya Biblia yenyewe. Ndiyo sababu kanuni za imani hutumika kama ramani fupi ya Maandiko yote: humzuia mtu kujenga nyumba nzima juu ya mstari mmoja. Makanisa yanatofautiana katika uzito wa kipimo hiki. Wakatoliki husoma Maandiko pamoja na Mapokeo, yaani imani iliyorithishwa tangu mitume, chini ya Mamlaka Fundishi ya Kanisa (Papa na maaskofu katika kazi yao ya kufundisha), ambayo hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Ufunuo, ya mwaka 1965, inasema haiko juu ya Neno la Mungu bali hulitumikia. Walutheri wana Ungamo la Augsburg, tamko lao la imani la mwaka 1530. Anayepima mahubiri na aseme wazi anapimia fimbo gani, maana asipofanya hivyo, mara nyingi anapimia mazoea yake.

Kazi kubwa zaidi iko katika jinsi matini inavyotumiwa. Swali la msingi ni hili: je, mhubiri anasema kile ambacho aya inasema, au aya imeazimwa ili ibebe wazo lililokwisha kuandaliwa? Mfano wa kutisha kuliko yote umo katika Mathayo 4, ambapo mjaribu ananukuu Zaburi ya 91. Maneno ni ya Maandiko, lakini fungu la "katika njia zako zote" limeachwa, na ahadi kwa anayemtegemea Mungu imegeuzwa kuwa ruhusa ya kumjaribu. Yesu hakuikana zaburi. Aliiweka kando ya neno jingine, "imeandikwa tena". Kwa njia hiyo hiyo, "nayaweza mambo yote" katika Wafilipi 4:13 husemwa kama ahadi ya ushindi katika kila shindano, ilhali sentensi iliyotangulia inahusu kujua kushiba na kuona njaa. Jeremia 29:11 ni sehemu ya barua kwa watu waliohamishwa Babeli, ambao mstari uliotangulia uliwaambia kwamba wangengoja miaka sabini, yaani wengi wao wangefia huko. Na 3 Yohana 2, ambayo wengine huifanya sheria ya mafanikio ya kila mwamini, ni dua ya salamu kwa mtu mmoja aitwaye Gayo. Kinachochekesha kidogo ni kwamba neno "afya" katika aya hiyo ni kitenzi kile kile cha "mafundisho yenye uzima". Hakuna ubaya kuzitumia aya hizi kumfariji mtu wa leo, mradi faraja ipitie maana yake ya kwanza na isiirukie.

Kosa gumu zaidi kusikika ni lile la kunyamaza. Hotuba moja haiwezi kusema kila kitu, na si haki kuilaumu kwa yale ambayo haikukusudia kuyasema. Lakini mtu akisikiliza kwa mwaka mzima bila kusikia lolote la dhambi, msalaba, toba wala ufufuo, huku maneno ya kufanikiwa au ya kuwashutumu walio nje yakirudi kila juma, hapo ana la kuuliza, ingawa hawezi kuonyesha sentensi hata moja ya uongo. Kwa maoni yangu, kipimo cha mwaka kinafichua mengi kuliko kipimo cha saa moja, na ni wachache wenye subira ya kukitumia.

Makosa pia hayalingani uzito. Paulo aliyeandika katika Wagalatia kwamba hata malaika akihubiri injili nyingine na alaaniwe ndiye aliyeandika katika Warumi 14 kwamba wanaotofautiana juu ya vyakula na siku wapokeane. Alimtahiri Timotheo, akakataa Tito asitahiriwe. Tendo lilikuwa moja. Kilichobadilika ni fundisho lililowekwa chini yake, kwani kwa Tito kulikuwa na watu waliotaka kuifunga neema kwa sheria. Anayeita kila tofauti uzushi amepoteza kipimo sawasawa na yule asiyeona uzushi popote.

Wapo watakaojibu kwa "msihukumu", kutoka Mathayo 7:1. Sura hiyo hiyo, katika mstari wa 15, inaamuru kujihadhari na manabii wa uongo, kwa hiyo kinachokatazwa hakiwezi kuwa upambanuzi. Namna ya kuufanya inaonekana katika Matendo 18. Apolo alihubiri Efeso kwa ufasaha na bidii, na mambo ya Yesu aliyafundisha sawasawa, lakini aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila waliusikia upungufu huo. Hawakusimama kumpinga katika sinagogi wala kuwaonya watu dhidi yake. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Alipotaka kuvuka kwenda Akaya, ndugu waliwaandikia wanafunzi wa huko wamkaribishe.