“Akikua Atajua Mwenyewe”: Tunayoyaamini Kuhusu Vijana Wetu na Hali Ilivyo

Matokeo ya kidato cha nne na cha sita yakitoka, nyumba za Unguja na Pemba hujaa mazungumzo ya chuo: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) au bara, sayansi au biashara. Ni mara chache mtu kumuuliza kijana kama anaweza kusoma mkataba, kupika chungu cha wali, au kuupanga mshahara wake umvushe masika. Tunaona mambo hayo yatakuja yenyewe. Hizi hapa imani ninazozisikia sana, na hali ilivyo.

Dhana: “Akikua atajua mwenyewe.”

Mengi ya utu uzima yana njia yake, na njia mtu huoneshwa. Chukua karatasi tu. Kijana akitimiza miaka 18 anatakiwa awe na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na safari ya kitambulisho huanzia kwa sheha wake, kiongozi wa serikali mtaani kwake, akiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Bila ya hicho, kufungua akaunti ya benki au kuajiriwa rasmi ni tabu tupu.

Wengi hukwama hapo, tena kwa jambo dogo: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Salum, cheti cha skuli kinasema Hamisi Salim, kwa sababu siku ya kuandikishwa darasa la kwanza mwalimu aliandika alivyosikia. Miaka yote ya skuli hakuna aliyejali. Siku hoteli ya Nungwi inapomwita kijana wa Wete aje na vyeti vyake halisi, ndipo anapoanza kutafuta hati ya kiapo, nauli ya boti ya kurudi Pemba, na mtu wa kumwambia aanzie ofisi gani. Nafasi haimngojei. Mzazi mwenye uwezo wa kufanya jambo moja tu mwaka huu, namuomba afanye hili: avitoe vyeti vya mwanawe kabatini, avitandaze mkekani, waviangalie pamoja herufi kwa herufi wakati mtoto bado yuko kidato cha pili.

Dhana: “Kazi ni ya serikali, nyengine ni za kupitishia muda.”

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Nyuma yao kuna wapishi, madereva, waongozaji, mafundi, wavuvi na wakulima wa mboga. Wengi wa vijana wetu wataishi kwa kazi za namna hii maisha yao yote, kwa hiyo kuwaambia ni za kupitishia muda ni kuwanyima heshima na matayarisho kwa pamoja.

Kinachotakiwa kusemwa wazi ni kwamba kazi hizi zina msimu. Aprili na Mei, mvua za masika zikishika, hoteli nyingi za Nungwi, Paje na Jambiani hupunguza watu, na nyengine hufunga kabisa. Kijana aliyeanza kazi Julai, akaona mshahara na bakhshishi za Agosti, hudhani hicho ndicho kipato chake. Anachukua pikipiki ya mkopo kwa hesabu ya Agosti. Masika inamkuta ana deni la kila wiki na hana zamu.

Wazee wa Pemba hesabu hii wanaijua vizuri. Mkarafuu ukizaa sana mwaka huu, mwaka wa mbele huenda ukapumzika. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Mwenye shamba huzichambua karafuu, huzianika jamvini siku kadhaa, huzikimbiza ndani wingu likitanda, kisha huzipeleka kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na hata makonyo, vile vikonyo vyake, hayatupwi, nayo huuzwa. Pesa huja kwa mkupuo mmoja. Nyumba zilizosimama ni zile zilizotenga ya skuli, ya bati na ya mwaka mkavu kabla mtu hajaenda dukani. Mjukuu anayetandika vitanda hotelini anaishi kwa msimu vile vile, ila hakuna aliyekaa naye akamwambia. Babu yake anaweza kumfunza hili kuliko semina yoyote, na wengi wa mababu hao bado tunao, wako barazani, hawajaulizwa.

Kuna na mkataba. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005, na kijana anayesoma mtandaoni haki za wafanyakazi wa bara anasoma sheria isiyomhusu. Kabla ya kutia saini aulize: mkataba unaisha lini? Nikirudishwa nyumbani wakati wa masika nitalipwa au sitolipwa? Nimeandikishwa ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar? Mfuko huo uliundwa kwa sheria ya 1998. Mwajiri na mfanyakazi wote wanachangia, na fungu la mwajiri ndilo kubwa. Lakini kukatwa mshahara ni jambo moja, na mchango kufika ni jambo jengine. Aende mwenyewe akaombe taarifa ya michango yake, asingojee mpaka aache kazi. Aliyejiajiri naye ana mpango wa kuchangia kwa hiari.

Dhana: “Mafunzo ya amali ni ya waliofeli.”

Tazama majengo yanayopanda Fumba na pwani yote ya kusini. Kila moja linataka fundi umeme, fundi bomba, fundi wa viyoyozi. Vituo vya amali, yaani vya kufunza ufundi, viko Mwanakwerekwe, Mkokotoni, na Vitongoji kule Pemba. Aibu ya kwenda huko tumeitia sisi wazazi, na ni sisi wa kuiondoa.

Dhana: “Msichana anafundwa, mvulana atafunzwa na mkewe.”

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Binti anapokaribia harusi huwekewa somo, yaani mwanamke wa kumfunda, akafunzwa usafi, unyumba, kukaa na mume na wakwe. Kaka yake anapooa, siku zile zile anahangaikia kanzu na joho. Nani amekaa naye?

Anaoa akijua mahari ni kiasi gani, hajui kwamba mahari ni mali ya mke mwenyewe. Hajui kwamba chakula, mavazi na makaazi ya mke yako juu yake hata mke akiwa na mshahara wake. Hajui kwamba akitamka talaka kuna eda na wajibu wake, na kwamba watoto wanabaki na haki ya matunzo. Wapo wanaume wanaoyasikia haya kwa mara ya kwanza mbele ya Kadhi. Kwa hiyo na ile kauli ya “muozeni atulie” tuiache: ndoa inamuongezea kijana mzigo, na asiyejua kubeba huangusha mzigo huo juu ya mtoto wa watu.

Na jiko je? Kijana wa Chake Chake anapanga chumba Mwanakwerekwe, kodi ya miezi sita ameitoa mbele, kisha kila usiku anakula urojo na chipsi kwa kuwa hajawahi kuosha mchele wala kukuna nazi. Mama anayemwambia “toka jikoni, wewe mwanamme” anamkatia mwanawe pesa ambazo hajazipata bado.

Binti naye ana pengo lake. Hufunzwa kumpokea mume, lakini ni nadra kufunzwa kuwa na akaunti ya jina lake mwenyewe, au kujua vyeti vya ndoa na vya watoto vimewekwa wapi.

Dhana: “Mtoto asijue shida za nyumbani.”

Mtoto wa miaka 15 mpe pesa za umeme wa wiki, anunue mwenyewe, aingize namba kwenye mita ya Tukuza, aone uniti zilivyoingia na zinavyoshuka pasi ikiwashwa. Wiki ya pili utamsikia anawazimia taa wadogo zake. Mwenye kujua bei ya umeme na unga hamdai baba yake simu mpya mwisho wa mwezi.

Dhana: “Mkopo wa simu ni msaada, si deni.”

Ni deni, na baadhi yake ni deni la hatari. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila ya kibali. Mkopaji akichelewa, wenye programu kama hizo huwatumia ujumbe watu waliomo kwenye simu yake: mama, mwalimu, bosi. Kijana aangalie kwanza kama mkopeshaji ana leseni, na anarudisha kiasi gani kwa jumla, siyo anapokea kiasi gani leo.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu nao hurudishwa. Wapo wahitimu wanaosahau kabisa, wakashtuka wanapoanza kukatwa mshahara. Mwezi wa kwanza wa kazi ndio wa kwenda kuuliza salio, na kupanga kodi ya chumba kwa kile kitakachobaki baada ya makato.